Mgonjwa wa Mabingwa Wengi Asikose Mwenyewe



Zamani mgonjwa alikuwa na daktari mmoja. Hospitali ya misheni au ya wilaya ilikuwa na mganga mmoja, ikizidi sana wawili, na huyo huyo ndiye aliyewapasua akina mama walioshindwa kujifungua, aliyefunga mfupa uliovunjika, aliyetibu homa ya mapafu na kung'oa jino lililooza. Hakuwa bingwa wa lolote kati ya hayo. Lakini alikuwa na jambo moja jema: alimjua mgonjwa wake mzima, tangu utosini hadi unyayoni, na mara nyingi alimjua na mama yake.

Siku hizi mambo ni mengine, na tuseme wazi kwamba ni mazuri zaidi. Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, Bariadi ikawa makao makuu, na leo inayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Barabara ya kwenda Lamadi ni ya lami, na ukifika hapo unashika njia kuu ya Mwanza. Huko ipo Bugando, iliyojengwa na maaskofu wa Tanzania, ikafunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa mwaka 1972, na tangu mwaka 1985 ikarudi kuendeshwa na Kanisa kwa makubaliano na Serikali. Ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda nzima ya Ziwa. Kwa hiyo mtu wa Itilima, Meatu, Maswa au Busega, ambaye baba yake hakuwahi kuonana na daktari bingwa hata mara moja, yeye aweza kuonana na mabingwa watatu katika mwaka mmoja.

Hapo ndipo linapoanza jambo tunalotaka kulisema mwezi huu. Mgonjwa huyu ana daktari wa kisukari, daktari wa macho na daktari wa figo. Kila mmoja amemwandikia dawa zake. Kila mmoja amempa tarehe yake ya kurudi, na tarehe hizo hazifuatani, kwa hiyo nauli inalipwa mara tatu. Ukiuliza, "Mgonjwa huyu ni wa nani?" kila mmoja atakuonyesha mwenzake. Wahenga walisema nahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi hatusemi manahodha wapunguzwe, maana kila mmoja anaujua mwamba wake. Tunasema mmoja wao ashike usukani na wenzake wamwambie wanachokiona. Na kwa maoni yetu huyo mshika usukani yafaa awe karibu na nyumbani kwa mgonjwa kadiri inavyowezekana, hata kama yeye siye mwenye elimu kubwa kuliko wote.

KUBEBA PAMOJA SI KUPOKEZANA

Wapo wanaodhani kwamba mgonjwa akipewa barua ya rufaa, basi aliyeiandika amemaliza kazi yake. Amekabidhi, amenawa mikono. Huko ni kupokezana mgonjwa kama kijiti cha mbio. Wazee wetu walipombeba mgonjwa kwa machela kutoka kijijini hawakufanya hivyo. Wanne walishika pembe nne kwa wakati mmoja, na wa mbele akawa anasema: hapa pana shimo, hapa tuvuke, hapa tupumzike. Aliyechoka alibadilishwa, lakini hakuna aliyeachia pembe yake kabla mwenzake hajaishika. Hivyo ndivyo tunavyoelewa maneno "kutibu kwa ushirikiano".

Na ushirikiano huu si jambo jipya katika nchi zetu za Ziwa. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago kule Kampala, daktari Hugh Trowell alikuwa na mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye taya. Trowell hakuwa mpasuaji. Akamwita mwenzake Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji, aje amtazame. Burkitt naye hakuuelewa. Lakini hakunyamaza: aliendelea kuwatafuta watoto wa namna hiyo, akawahusisha wataalamu wanaopima vinyama maabara, na mwaka 1958 akaandika habari za saratani ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Jambo linalotupendeza zaidi ni hili: ugonjwa huo, uliotambuliwa na mtu wa kisu, ulikuja kuonekana kuwa unasikia dawa kuliko kisu. Mpasuaji angeng'ang'ania kwamba uvimbe ni mali yake, watoto wengi wangekatwa taya bure. Saratani hiyo bado inawapata watoto wa kanda yetu, na mtoto mwenye uvimbe wa taya unaokua haraka asikae nyumbani hata wiki moja.

MTOTO WA SELIMUNDU

Tuchukue ugonjwa mmoja ambao familia nyingi katika parokia zetu zinaujua kwa machozi, yaani selimundu, au siko seli kama wengi wanavyouita. Tanzania ni kati ya nchi za mbele duniani kwa watoto wanaozaliwa nao. Inakadiriwa ni takriban watoto 11,000 kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ina sehemu kubwa. Sababu yake ni ya kale. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi chembe za selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana chembe hizo zimedumu penye mbu wengi. Lakini mtoto akirithi kwa baba na kwa mama, huyo ndiye mgonjwa. Hakuna aliyerogwa hapo, wala mama hana kosa peke yake.

Sasa mtazame mtoto huyo anavyokua. Akiwa mchanga ni wa daktari wa watoto: apewe penisilini kila siku hadi afikishe miaka mitano, vidonge vya foliki asidi, chanjo zake zote, na alale ndani ya chandarua. Akipata kiharusi, jambo ambalo linaweza kumpata hata mtoto wa miaka minne, ni wa mtaalamu wa mishipa ya fahamu na wa mazoezi ya viungo. Akifika ujana, kichwa cha mfupa wa paja huweza kufa kwa kukosa damu, akaanza kuchechemea. Hapo ni wa bingwa wa mifupa. Macho yake yahitaji kuangaliwa, figo zake pia. Kijana wa kiume huweza kupatwa na uume kusimama wenyewe kwa maumivu kwa saa nyingi, naye kwa haya hamwambii mtu, wala mama yake. Wazazi, mwambieni mapema kwamba jambo hilo ni sehemu ya ugonjwa wake na kwamba likizidi saa nne ni la kukimbilia hospitali usiku huo huo, la sivyo anaweza kupata ulemavu wa kudumu.

Hesabu sasa: ni madaktari wangapi? Na kila mmoja, akitazama sehemu yake tu, anaweza kumwumiza mtoto bila kukusudia.

Tutoe mifano. Bingwa amesema mtoto apewe foliki asidi peke yake. Mtoto anarudi kijijini, anaonekana macho meupe, na mhudumu wa zahanati kwa moyo mwema anampa vidonge vya kuongeza damu. Vidonge hivyo mara nyingi vina madini ya chuma pamoja na foliki asidi. Lakini damu ya mtoto wa selimundu haipungui kwa kukosa chuma. Inapungua kwa sababu chembe zake huvunjika upesi. Na kama ameongezewa damu mara nyingi, chuma hicho hulimbikizana mwilini na kudhuru ini na moyo. Mhudumu hakukosea kwa uzembe. Hakuna aliyemwandikia.

Au bingwa wa watoto amemwanzishia haidroksiyurea, dawa ambayo imepunguza sana maumivu na vifo vya wagonjwa hawa. Dawa hiyo hutolewa kwa kufuata uzito, na damu hupimwa kila baada ya muda, maana inaweza kuzishusha chembe nyeupe kupita kiasi. Nani atapima hapa Bariadi, na majibu atayasoma nani? Kama ni kusafiri hadi Mwanza kwa ajili ya kipimo hicho kimoja, familia itasafiri mara mbili, mara tatu, halafu msimu wa kulima utaingia na mtoto ataachishwa dawa kimya kimya. Kumbe kipimo chenyewe chaweza kufanyika karibu na nyumbani, majibu yakasomwa na daktari wa hapa, na bingwa wa mbali akaulizwa pale tu yanapokuwa mabaya.

Au bingwa wa mifupa anataka kumpasua nyonga. Upasuaji wenyewe ni mzuri. Lakini mtoto wa selimundu asifungwe njaa na kiu usiku kucha bila maji ya mshipani, asiachwe apate baridi mezani, asikose hewa ya kutosha, na mara nyingi damu yake hupandishwa kwanza hadi gramu 10 hivi. Haya yanajulikana kwa daktari wa damu na kwa mtaalamu wa dawa za usingizi. Ni lazima wote watatu wazungumze kabla ya siku ya upasuaji, na wala si mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mzazi ana haki ya kuuliza: "Daktari, yule anayemtibu selimundu amejulishwa?" Swali hilo si utovu wa adabu.

Hapa nchini yupo mtu aliyetuonyesha njia. Profesa Julie Makani na wenzake wa Muhimbili walianza mwaka 2004 kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka. Kuandika na kufuatilia. Mambo mawili yasiyo na mashine kubwa. Ndiyo yaliyowezesha daktari mmoja kujua mwenzake alifanya nini.

DAWA MBILI ZINAZOGOMBANA

Kwenye dawa ndiko tunakoona hatari iliyojificha zaidi. Mwenye kisukari ana uwezekano mkubwa wa kuugua kifua kikuu, mara mbili hadi tatu kuliko mtu mwingine. Akiugua, anapewa rifampisini ndani ya vidonge vyake vya miezi sita. Rifampisini ni dawa nzuri sana, lakini ina tabia ya kuliamsha ini livunjevunje dawa nyingine upesi. Baadhi ya vidonge vya kisukari, kama glibenklamaidi, hupungua nguvu, na sukari hupanda ingawa mgonjwa anameza kwa uaminifu. Kliniki ya kisukari, isiyojua habari za kifua kikuu, inamlaumu kwa kula ugali mwingi. Halafu inampandishia dozi. Miezi sita inakwisha, rifampisini inaachwa, ini linatulia, na ile dozi kubwa sasa inakuwa sumu: sukari inashuka usiku, mgonjwa anakutwa amezimia. Kila kliniki ilifanya kazi yake ipasavyo. Walichokosa ni kuongea.

Kadhalika anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Dolutegraviri, ambayo wengi humeza mara moja kwa siku, yapaswa kumezwa mara mbili wakati mgonjwa yupo kwenye rifampisini, na kuendelea hivyo kwa wiki mbili baada ya kuimaliza. Katika jambo hili taifa letu lilijifunza mapema. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na UKIMWI ulipoingia ukakuta kliniki ya kifua ina jengo lake, na baadaye kliniki ya virusi ikawa na jengo lake. Mgonjwa mmoja alikuwa na foleni mbili, kadi mbili na wauguzi wasiofahamiana. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuziunganisha huduma hizo, na tangu hapo hatua kwa hatua mgonjwa wa yote mawili akaanza kuhudumiwa chini ya paa moja. Kama imewezekana kwa magonjwa hayo, hatuoni kwa nini isiwezekane kwa presha, kisukari na figo.

Na akina mama wenye presha, neno moja tu kwenu. Vidonge vya presha vya jamii ya kaptoprili, enalaprili na lisinoprili haviwafai wajawazito. Humdhuru mtoto tumboni. Mwenye kliniki ya presha huenda hajui kwamba umeshika mimba, na mkunga huenda hajui unameza nini. Wewe ndiye unayejua yote mawili. Usiache dawa ghafla kwa hofu. Peleka vidonge vyenyewe kliniki ya wajawazito, uviweke mezani, ubadilishiwe.

BAADA YA NDEGE KUONDOKA

Mwaka 1957, mwaka ule ule wa Trowell na Burkitt, wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walibuni huduma ya madaktari warukao, iliyokuja kuwa AMREF. Mabingwa walipanda ndege ndogo, wakatua penye hospitali za mbali, wakapasua midomo iliyopasuka na makovu ya moto, kisha wakaruka. Ulikuwa msaada mkubwa. Lakini waliokaa wodini wanajua kwamba mgonjwa hufa au hupona katika siku kumi zinazofuata, wakati bingwa ameshakuwa angani. Palipokuwa na mganga mwenyeji aliyeshirikishwa tangu mwanzo, aliyekuwepo mezani na kuachiwa maelekezo, wagonjwa walikuwa mikononi mwa mtu.

Tunalikumbuka hilo kwa sababu mwaka 2024 Serikali ilianza kupeleka madaktari bingwa katika hospitali za halmashauri nchi nzima, wakakaa siku chache kila mahali. Watu waliojaa siku hizo walionyesha jinsi haja ilivyo kubwa. Wengine walikuja na magonjwa waliyoishi nayo miaka. Sisi tunaunga mkono kambi hizo kwa moyo wote. Tunaomba tu zihesabiwe kwa namna nyingine. Kutaja wangapi walionwa hakutoshi. Itajwe pia wangapi walikuwa na jina la daktari wa kuwafuatilia wiki ya pili, na daktari huyo awe ameketi pamoja na bingwa wakati mgonjwa anapimwa.

NANI ASHIKE USUKANI?

Kuna watakaotupinga. Watasema, tabibu wa kituo cha afya anajua nini mbele ya bingwa? Ni kweli hajui kusafisha figo wala kusoma picha ya kichwa. Lakini anajua kwamba mgonjwa anaishi kilomita ishirini kutoka barabarani. Anajua kwamba hela inapatikana pamba ikiuzwa, na kabla ya hapo ni kuuza ng'ombe mnadani. Anajua kwamba mgonjwa hajui kusoma na kwamba mjukuu anayemsomea amerudi shule ya bweni. Mambo haya ndiyo yanayoamua kama dawa itamezwa. Bingwa wa Mwanza hawezi kuyajua, na tusimlaumu kwa hilo. Katika nchi kama Uingereza mtu huandikishwa kwa daktari wa karibu na nyumbani kwake, naye ndiye humpeleka kwa bingwa. Bingwa akimaliza humwandikia barua yule wa nyumbani. Hawakuona kwamba bingwa amedharauliwa kwa kuandika barua.

Kwetu barua inakwenda, hairudi. Hapo ndipo tunapokuwa na manung'uniko ya kweli, na tunayasema kwa heshima kwa hospitali zote kubwa, za Serikali na za mashirika ya dini bila kubagua. Mganga wa wilaya anaandika barua ya rufaa ukurasa mzima. Mgonjwa analazwa wiki tatu, anapimwa, anapasuliwa, anarudi na kikaratasi chenye majina ya dawa na mwandiko usiosomeka. Ugonjwa ulikuwa nini hasa? Alipasuliwa nini? Dawa ipi iendelee maisha yote na ipi ikome? Aliyeandika rufaa anabaki kumwuliza mgonjwa, naye anajibu, "Walinisafisha tumbo." Tungeomba kila mgonjwa anayetoka wodini aondoke na barua inayomtaja aliyempeleka, hata mistari sita, iliyoandikwa wazi, na namba ya simu ya wodi. Simu sasa ziko hadi vijijini. Daktari wa Bariadi kumpigia mwenzake wa Mwanza ni jambo la dakika tano, na dakika tano hizo zimeokoa safari na maisha.

Lakini na sisi familia tuna sehemu yetu. Mgonjwa akiulizwa, "Mama, unatumia dawa gani?" hujibu, "Vile vyeupe vidogo, daktari." Ndugu zangu, dawa nyingi ni nyeupe na ndogo. Msitupe pakiti. Nunueni bahasha moja kubwa ya kaki, muweke humo barua zote, majibu ya maabara, picha za eksirei na pakiti tupu za dawa, na bahasha hiyo isafiri na mgonjwa kila aendako, hata akienda kwa daktari wa meno. Tumeona wazee wenye madaftari manne, kila hospitali na daftari lake, kwa sababu waliogopa daktari huyu atakasirika akijua wamekwenda kwa yule. Daktari atakayekasirika kwa hilo hajatambua kazi yake, mwonyesheni tu.

Na kuna bingwa mwingine ambaye hatajwi kamwe wodini: nfumu. Twajua wengi hupita kwake kwanza, na wengine hurudi kwake katikati. Hatuandiki leo ili tugombane naye. Tunasema tu kwamba mizizi iliyochemshwa nayo ni dawa, inaingia tumboni mle mle, na baadhi huumiza ini na figo. Daktari anayeona figo zinashuka bila sababu anatafuta gizani kama hukumwambia. Vivyo hivyo vidonge vya maumivu vya dukani, hasa diklofenaki, ambavyo wakulima wengi humeza kila siku msimu wa palizi. Vinapandisha presha na kuchosha figo, halafu kliniki ya presha inaongeza dawa juu ya dawa.

Kwa wenye wagonjwa wa muda mrefu tunashauri mfanye hivi mwezi huu. Nendeni kituoni kwenu, au hospitali ya wilaya, mkamwombe daktari au tabibu mmoja akubali kuwa ndiye mnayerudi kwake kila mtokapo kwa bingwa. Mwulizeni jina lake, mliandike juu ya bahasha. Akihamishwa, na wanahamishwa sana, mwombeni awakabidhi kwa mwenzake kwa maandishi kabla hajaondoka.

Na ninyi wenye watoto wa selimundu, mwombeni daktari aandike ukurasa wa kwanza wa daftari mambo haya: kundi la damu la mtoto, uzito wake na tarehe aliyopimwa, dawa anazotumia, mara alizoongezewa damu, na kiwango chake cha damu siku anapokuwa mzima. Hili la mwisho ni kubwa. Watoto wengi wa selimundu huishi na damu ya gramu 6 hadi 9 na kucheza kama wenzao. Daktari mgeni akimwona ana 7 usiku wa manane anaweza kukimbilia kumwongezea damu asiyoihitaji. Akisoma kwamba 7 ndiyo yake ya kila siku, atatafuta homa inatoka wapi. Kama amezoea 9 na leo ana 5, asingoje asubuhi.